Actium, 31 KK: Je, Cleopatra alikimbia vita, au alitekeleza amri iliyokwisha kutolewa?

#1 Mzee wa Gati

Salaam, wanajamvi.

Tangu nikiwa mwanafunzi nimesimuliwa kisa kimoja tu kuhusu mwisho wa ukoo wa Ptolemy, uliotawala Misri kwa karibu miaka 300. Nacho ni kwamba tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK, mbele ya rasi ya Actium magharibi mwa Ugiriki, wakati manowari za Mark Antony, jemadari wa Kirumi, na Malkia Cleopatra zimekabana na zile za Octavian, Mrumi aliyekuwa akigombea naye utawala wa Roma, malkia aliingiwa na hofu, akatweka matanga na kutoroka na merikebu zake 60, na Antony, kwa kulewa mapenzi, akawaacha askari wake wakifa akamfuata. Haukutimia mwaka, wote wawili walikuwa wamekufa na Misri imekuwa mali ya Roma.

Mimi kisa hiki sikiamini, na kinachonikataza kukiamini ni matanga. Manowari za zama zile ziliingia vitani kwa makasia peke yake. Matanga yaliachwa pwani, kwa sababu ni mazito, yanawazuia askari kusimama, na yanashika moto upesi. Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anaeleza kwamba manahodha walitaka kuyaacha matanga kama ilivyokuwa desturi, Antony akawakatalia, akasema yachukuliwe ili adui asipate kutoroka. Maneno hayo yangemfaa mwenye kuzingira, lakini siku ile aliyezingirwa ndani ya Ghuba ya Ambracia, ambayo Actium iko mlangoni mwake, alikuwa Antony mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwandishi mwingine, Cassius Dio, anasema kwamba hazina ilipakiwa melini kwa siri usiku. Mtu hapakii hazina yake yote katika chombo anachokipeleka kugongwa, isipokuwa kama amekusudia chombo hicho kipite na kwenda zake.

Kwa hiyo nadai kwamba kule "kukimbia" kulikuwa ni mpango wa kuvunja mzingiro, uliokubaliwa na wote wawili, na ambao ulifanikiwa nusu. Naomba mnikosoe, hasa ninyi mnaoijua bahari.

#2 Kalamu Nyekundu

Ahsante kwa uzi, mkuu. Naomba kuuliza kabla sijapotea: hivi ndivyo vile vita ambavyo mfalme aliwekewa kiti mlimani akawa anazitazama meli zake zikizamishwa moja baada ya nyingine katika mlango mwembamba wa bahari? Kama ndivyo, nadhani aliyeshindwa alikuwa Mwajemi, wala hakukuwa na malkia wa Misri.

#3 Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kalamu, hiyo ni Salamis, mwaka 480 KK, na mfalme aliyekaa mlimani ni Xerxes. Kati ya vita hivyo na Actium kuna karibu miaka 450. Usione haya, kwani katika miaka niliyofundisha somo hili nilikuta vita hivi viwili vikichanganywa kila mwaka, kwa kuwa vyote vilipiganwa katika maji ya Ugiriki na vyote vinasimuliwa kama siku moja iliyobadilisha dunia.

Nikirudi kwa Mzee wa Gati: nakubali kwamba matanga ni ushahidi mzito, lakini naona umeanza kuhesabu ukiwa umechelewa. Vita vya Actium vilipotea majira ya kuchipua, miezi kadhaa kabla ya Septemba. Antony alikuwa amezitawanya ngome zake pwani yote ya magharibi ya Ugiriki ili kulinda njia ya chakula kutoka Misri. Marcus Agrippa, jemadari wa Octavian, alivuka bahari mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, akaiteka Methone huko kusini na kumwua Bogud, mfalme wa zamani wa Mauretania aliyekuwa akiilinda. Baada ya hapo aliichukua Leucas, kisiwa kilicho jirani kabisa na Actium, kisha Patrae na Korintho. Merikebu za nafaka kutoka Misri zikawa hazifiki. Kuanzia hapo jeshi la Antony lilikuwa kama mtu aliyekabwa koo, na swali lililobaki ni lini atakata roho.

Tena tukumbuke Agrippa alikuwa nani. Miaka mitano nyuma, mwaka 36 KK, alikuwa amemshinda Sextus Pompey katika bahari ya Sicily kwa kikosi alichokijenga na kukifundisha mwenyewe. Antony alikuwa hodari wa vita vya nchi kavu, na baharini hakuwahi kupata ushindi wa namna hiyo hata mara moja.

#4 Nahodha wa Pate

Mimi si msomi wa mambo ya Warumi, lakini nimekaa chomboni miaka 22, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kuhusu uzito wa tanga, Mzee wa Gati amesema kweli tupu. Jahazi letu lilikuwa la tanga moja. Foromali yake, yaani mti unaoshikilia tanga, ilihitaji watu saba kuipandisha, na ikishateremshwa hulala kutoka omo mpaka tezi, na lile tanga la marudufu likirowa maji ya chumvi watu hupita juu yake kwa kutambaa. Siku moja tulifikwa na shwari tukiwa karibu na miamba, ikabidi tushike makasia. Kila aliyesimama kuvuta alijikwaa katika tanga, na mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu hata kabla hatujasogea hatua mia. Nikifikiria askari wenye deraya na ngao wakipigana mahali kama hapo, naona wazi kwamba aliyeamuru matanga yabebwe alikuwa na haja nayo kubwa kuliko haja ya kupigana vizuri.

Nimeifungua ramani nikaitazama pwani ile. Mlango wa ghuba unatazama magharibi, na kisiwa cha Leucas kimejitokeza upande wa kusini. Anayetaka kwenda Misri lazima kwanza atoke nje sana baharini ndipo ageuze omo kusini, la sivyo upepo wa kaskazini-magharibi utamsukuma juu ya kisiwa. Kwa makasia, umbali ule ungewaua wapiga kasia. Inambidi angoje upepo. Wanaoijua bahari ile husema kwamba wakati wa kiangazi asubuhi huwa shwari, na upepo wa bahari huanza adhuhuri, kisha huzidi kugeukia kaskazini kadiri jua linavyoshuka. Sasa someni tena habari zenyewe: walijipanga asubuhi, wakakaa wametulia saa nyingi bila kugongana, mapambano yakaanza upepo ulipoinuka mnamo adhuhuri, na malkia akatweka matanga upepo ulipokuwa umekamilika. Mtu aliyeshikwa na hofu hangojei upepo mwema. Huo ni utaratibu wa nahodha anayejua anakokwenda.

#5 Binti wa Mwalo

Nahodha umenifundisha jambo, nakushukuru. Naomba niongeze lile la Mwalimu kuhusu kukabwa koo, kwa sababu watu wakisema "njaa na maradhi" huwa wanapita haraka, nami nimeyaona.

Niliwahi kufanya kazi ya uuguzi katika kituo kidogo cha afya kando ya mwalo wa wavuvi. Msimu wa samaki wengi, watu kama 2,000 walijazana mahali pasipo vyoo wala maji safi, na kuharisha kulipoanza, katika wiki moja hatukuwa na mahali pa kuwalaza. Jambo nisilolisahau ni kwamba walianguka kwanza vijana wenye nguvu, wale wanaovuta nyavu, kwa sababu ndio waliokuwa wakinywa maji mengi ya ziwani kutwa nzima juani. Mitumbwi ilibaki imepangwa ufukweni, mizima kabisa, na hakuna wa kuisukuma.

Kambi ya Antony ilikuwa upande wa kusini wa mlango wa ghuba, kwenye nyanda za chini zenye maji yaliyotuama, makumi ya maelfu ya watu, tangu baridi mpaka mwisho wa kiangazi. Wapiga kasia walikufa na kutoroka mpaka makapteni wakawa wanakamata wasafiri, waendesha punda na wavunaji mashambani ili kujaza nafasi zao. Manowari isiyo na wapiga kasia waliozoeana haiwezi kukimbia wala kugonga. Mimi naamini vita hivi viliamuliwa na maji ya kunywa.

#6 Ukweli Mtupu

Nimewasoma wote kwa makini, na kwa heshima napinga.

Kama kutoroka kulikuwa mpango uliokubaliwa, kwa nini watu wa Antony hawakuujua? Baada ya yeye kuondoka, manowari zake ziliendelea kupigana mpaka alasiri, na Plutarch anasema wengi hawakujua kwamba mkuu wao ameondoka. Jeshi la nchi kavu, vikosi 19 vya miguu na wapanda farasi 12,000, lilikaa siku saba likikataa kuamini kwamba jemadari wao amelitelekeza. Lilisalimu amri tu baada ya Canidius, kamanda wake, naye kutoweka usiku. Mpango gani huo unaofichwa kwa watu 100,000 ambao ndio nguvu yako yote?

Kwa maoni yangu, habari za kale zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Malkia alijali kurudi kwake tu. Canidius mwenyewe alishauri arudishwe Misri, vita vihamishiwe Makedonia au Thrace na kuamuliwa kwa miguu, ambako Antony alikuwa bingwa. Cleopatra akasisitiza vita vya baharini, kwa kuwa baharini ndiko kulikokuwa na njia yake ya kwenda nyumbani. Kuna askari mmoja mzee, mwenye makovu mwili mzima, ambaye alimwuliza Antony akilia kwa nini anayadharau majeraha yake na kuweka matumaini katika mbao, awaachie Wamisri na Wafoinike bahari na kuwapa wao ardhi. Antony hakuwa na la kumjibu. Alimpa ishara ya mkono tu ya kumtia moyo, akapita.

#7 Mhasibu wa Mizani

Uzi mzuri. Mimi nitazame upande wa fedha, maana kazi yangu ndiyo hiyo.

Ukweli Mtupu anauliza mpango gani unaoliacha jeshi. Jibu langu ni kwamba jeshi linaweza kupatikana tena ikiwa una fedha, lakini fedha ikishakwenda hakuna jeshi. Cleopatra aliingia katika vita hivi na merikebu 200 na talanta 20,000. Talanta moja ni kama kilo 26 za fedha, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani 500. Antony hakuwa na chanzo kingine cha mishahara kinachokaribia hapo. Sehemu iliyobaki ya hazina hiyo ilikuwa katika zile merikebu 60, na ndiyo maana malkia aliwekwa nyuma ya safu ya katikati, mahali salama kuliko pote, mpaka pengo litokee.

Hata Octavian aliliona hivyo. Baada ya ushindi hakwenda Misri moja kwa moja, bali majira ya baridi alilazimika kurudi Italia kwa haraka, kwa sababu askari wake wa zamani walikuwa wameasi kwa kukosa malipo. Mshindi hakuwa na fedha, na mshindwa alikuwa nazo. Mwaka uliofuata Cleopatra alikusanya dhahabu, fedha, zumaridi, lulu, mpingo, pembe za ndovu na mdalasini ndani ya kaburi alilojijengea, akazizungushia kuni na vitu vya kuwashia moto, ili Octavian ajue kwamba akibanwa vyote vitateketea. Hazina hiyo ilipofika Roma, riba ya mikopo ilishuka kutoka asilimia 12 hadi 4. Sijui hazina nyingine ya mtu mmoja iliyotikisa soko la mji kwa kiasi hicho.

#8 Mzee wa Gati

Ukweli Mtupu ameuliza swali lililonifanya nisilale, nami nalijibu hivi: mpango haukufichwa kwa makamanda, ulifichwa kwa askari wa kawaida, na ulilazimika kufichwa. Siku chache kabla ya vita, Quintus Dellius alihamia kwa Octavian akiwa na mipango yote ya Antony kichwani. Kabla yake Domitius Ahenobarbus, mtu mzito kabisa katika kambi ile, alipanda mashua akiwa na homa akaenda kwa adui, na Antony akamtumia mizigo yake na watumishi wake. Katika kambi inayovuja namna hiyo, ukiwatangazia watu kwamba kesho tunavunja mzingiro na kuondoka, usiku huohuo nusu yao wamekwenda kwa adui.

Hata hivyo nakiri kwamba jeshi la nchi kavu ndilo doa katika hoja yangu. Antony alipofika Taenarum, rasi ya kusini mwa Ugiriki, alimtuma mjumbe kwa Canidius na kumwamuru aliongoze jeshi kupitia Makedonia mpaka Asia. Je, amri hiyo ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, au ilikuwa fikra ya mtu aliyekwisha kuvurugikiwa? Hapo sina la kukata.

#9 Kalamu Nyekundu

Naomba kusahihisha Mhasibu kidogo, kama na mimi nilivyosahihishwa. Zile merikebu 200 zilikuwa za kila namna, zikiwamo za mizigo. Na kuna takwimu nyingine inayonitatiza: kila mahali ninaposoma naona Antony alikuwa na manowari 500. Zilikwenda wapi, hata awe na chache kuliko adui?

Pia, naomba msinicheke, huyu Cleopatra alikuwa Mwafrika mwenzetu au Mgiriki?

#10 Mwalimu Mstaafu

Hakuna wa kukucheka. Manowari 500 ni idadi ya mwanzo wa kampeni. Nyingine zilipotea katika mapambano madogo ya kiangazi, na kabla ya vita Antony alizichoma moto zile alizokosa watu wa kuziendesha, kama alivyoeleza Binti wa Mwalo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba siku ya vita alibaki na 230 hivi, zikiwamo 60 za malkia. Kwa hiyo mtu alisimama pwani akazitazama meli zake mwenyewe zikiungua, huku adui akiuona moshi kutoka ng'ambo ya ghuba. Msiniambie kwamba baada ya hapo kulikuwa na askari aliyebaki na moyo wa kupigana.

Kuhusu asili yake, ukoo ulitoka kwa Ptolemy, jemadari wa Alexander Mkuu kutoka Makedonia. Kwa vizazi vingi waliitawala Misri kwa Kigiriki bila kujifunza lugha ya raia wao. Cleopatra anasifiwa kuwa wa kwanza katika ukoo huo kukisema Kimisri, na aliweza pia kuzungumza bila mkalimani na Waethiopia, Waebrania, Waarabu, Washamu, Waajemi, na wale Watrogodaiti wa pwani ya Bahari ya Shamu. Kama angekuwa ni mwanamke wa anasa tu, kama maadui zake walivyomchora, angelala katika mto wake wa hariri na kutuma wakalimani.

#11 Dada wa Kibaraza

Hilo la Mwalimu kuhusu "kama maadui zake walivyomchora" ndilo nililokuwa nikilingojea, kwa sababu mnajadili upepo na matanga kana kwamba habari zilizotufikia ziliandikwa na mtu asiye na upande.

Octavian alikuwa na tatizo kubwa: Warumi walikuwa wamechoshwa na vita vya wao kwa wao, na Antony alipendwa. Wengi wetu tulimjua shuleni kama yule aliyehutubia katika mazishi ya Julius Caesar, na Warumi hawakuwa wameisahau siku hiyo. Mwaka 32 KK maseneta mia kadhaa, wakiongozwa na makonsuli wote wawili wa mwaka ule, waliondoka Roma na kumfuata. Kwa hiyo Octavian alitangaza vita dhidi ya Cleopatra peke yake. Aliichukua kwa nguvu hati ya wosia wa Antony iliyokuwa imehifadhiwa kwa makuhani wa kike wa Vesta, akasoma hadharani sehemu iliyosema kwamba hata akifia Roma azikwe Alexandria. Alisimama mbele ya hekalu la Bellona akarusha mkuki uliopakwa damu, kwa taratibu za kale za kutangaza vita dhidi ya taifa la kigeni. Tangu siku hiyo, kila Mrumi aliyepigana upande wa Antony alionekana kuwa mtumwa wa mwanamke wa kigeni.

Sasa, mtu aliyejenga ushindi wake wote juu ya hadithi hiyo angewezaje kuandika kwamba malkia alivunja mzingiro wake kwa akili na kuondoka na hazina mbele ya macho ya Agrippa? Ilimlazimu aandike kwamba alikimbia. Mshairi mmoja wa Roma aliyeishi wakati uleule aliimba kwamba ni kama meli moja tu iliyosalimika moto. Sitini zilisalimika, na wote walijua.

#12 Fundi wa Mashua

Naona hamjagusa chombo chenyewe, nami ni fundi wa kuunda.

Omo ya manowari zile ilivikwa pembe ya shaba nyeusi iliyoyeyushwa na kumiminwa kwa kipande kimoja. Mwaka 1980 moja iliokotwa baharini karibu na Athlit, pwani ya Israeli, ikiwa na uzito wa kilo 465, na ndani yake bado mna mbao za omo. Baada ya ushindi Octavian alijenga mji hapohapo, akauita Nicopolis, yaani Mji wa Ushindi, na mahali ilipokuwa hema yake alijenga ukuta wenye mashimo ambamo zilichomekwa pembe za manowari alizoteka. Mengi ya mashimo hayo yapo mpaka leo, na kila moja limechongwa kufuata umbo la pembe yake. Watafiti waliyapima wakakuta mengine ni makubwa kuliko ile ya Athlit kwa mbali sana. Kwa fundi, hilo linamaanisha mbao nene za kupokea kishindo, kiwiliwili kizito, na mamia ya wapiga kasia.

Chombo kikubwa namna hiyo ni ngome kikiwa na watu wake kamili. Kikikosa watu ni gogo. Siku ile manowari za Antony hazikuweza kupata mwendo wa kugonga, na za Octavian hazikuthubutu kugongana omo kwa omo na shaba ile, basi zilizizunguka tatu kwa moja, nne kwa moja, wakapigana kwa mikuki na moto kama watu wanaozingira ukuta. Kwa hiyo namwunga mkono Binti wa Mwalo, lakini naongeza kwamba hata kama wapiga kasia wote wangekuwa wazima, mbao zilizokaa majini miezi mingi bila kupandishwa pwani zinanyonya maji na kuota magugu, na chombo kinakuwa mzigo. Sisi chombo hatukiachi hata miezi minne bila kukipandisha, kukikwangua na kukipaka sifa (yaani mafuta ya papa) na mafuta mengine.

#13 Ukweli Mtupu

Fundi, ahsante sana, hili la mashimo sikulijua, na linaipa nguvu hoja ambayo wengine wanaidharau. Octavian mwenyewe aliandika kwamba aliteka manowari 300, na waliokufa hawakuzidi 5,000. Kama aliteka 300, hakuna "nusu ya mafanikio" ya kuzungumzia, Mzee wa Gati.

#14 Mzee wa Gati

Ndugu yangu, Mwalimu amekwisha sema kwamba siku ya vita zilikuwapo 230 hivi, na 60 na zaidi zikaondoka. Huwezi kuteka 300 kati ya 170. Idadi hiyo lazima iwe ya kampeni nzima, tangu Methone. Na watu 5,000, katika vita ambavyo Antony peke yake alipakia askari 20,000 na wapiga mishale 2,000, ni idadi inayonionyesha kwamba wengi walisalimu amri bila kupigana mpaka mwisho. Yaani hata mapambano yenyewe hayakuwa makali kama yalivyoimbwa.

#15 Mkaazi wa Muscat

Salaam kutoka Muscat. Kuna jambo moja ambalo halitajwi, nalo linanigusa kwa sababu ya bahari ninayoitazama kila siku. Cleopatra aliporudi Alexandria alianza kuzikokota merikebu juu ya nchi kavu, kutoka upande wa Mediterania mpaka Bahari ya Shamu, akiwa na nia ya kuhamia mbali na Roma pamoja na mali zake. Waarabu wa Petra, yaani Wanabataea, wakazichoma zile za kwanza zilipofika. Kaisarion, mwanawe aliyemzaa na Julius Caesar, alitumwa na mali nyingi kuelekea India kwa njia ya bahari hiyohiyo. Kijana huyo wa miaka 17 alishawishiwa kurudi, akauawa.

Mtu mwenye fikra za namna hiyo si mtu aliyeshindwa Actium. Alikuwa bado anatafuta mlango mwingine. Na mlango ule Warumi waliuchukua wao. Katika kizazi cha kwanza tu baada yake, merikebu 120 kwa mwaka zilikuwa zikiondoka bandari ya Myos Hormos kwenda India, na baadaye wafanyabiashara wa Misri ya Kirumi wakateremka pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, mpaka bandari ya Rhapta, ambako waliziona mashua zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya wazee wetu.

#16 Nahodha wa Pate

Shekhe wa Muscat umenigusa penye moyo, maana babu yangu aliwahi kushona mtepe. Tukianza habari za Rhapta hatutarudi Actium, kwa hiyo ufungue uzi wake nasi tutakufuata.

Ninalotaka kusema ni kuhusu Antony. Alipopanda merikebu ya malkia hakumwendea. Alikwenda kuketi omoni peke yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili, kimya, siku tatu, mpaka Taenarum. Hili linanipa shida kuliko matanga. Kama mpango ulikuwa wake na umefaulu, kwa nini akae vile? Nimewaona manahodha waliookoa roho zao wakapoteza chombo na mabaharia. Wanakaa hivyohivyo.

#17 Mwalimu Mstaafu

Nahodha, huenda alikaa vile kwa sababu alikuwa anahesabu ni merikebu ngapi zilizomfuata, na hazikuwa nyingi.

Lakini mimi bado nasema mnaipa Actium mzigo usiokuwa wake. Ukoo wa Ptolemy ulikuwa umeshaanguka kwa vipande. Mwaka 168 KK mjumbe mmoja wa Roma, Popillius Laenas, alimzungushia Antiochus, mfalme wa Shamu aliyekuwa ameivamia Misri, duara mchangani kwa fimbo, karibu na Alexandria, akamwambia asitoke humo mpaka aseme kama ataondoka Misri, na mfalme akaondoka. Tangu siku hiyo Misri ilikuwa huru kwa ruhusa ya Roma. Baba yake Cleopatra alirudishwa kwenye kiti chake na jeshi la Kirumi, kwa mikopo ya Warumi, na akamweka mkopeshaji wake kuwa waziri wa fedha ili ajilipe.

Na kama ni siku ya mwisho mnaitafuta, basi ni tarehe 1 Agosti mwaka 30 KK, wakati manowari za Antony zilipotoka bandarini Alexandria asubuhi, yeye akizitazama kutoka kilimani, zikawakaribia adui, zikainua makasia kuwasalimu, kisha zote kwa pamoja zikageuka na kurudi dhidi ya mji. Hapo hapakuwa na upepo wala matanga ya kubishaniwa. Mwezi ule uliitwa Sextilis. Baadaye Baraza la Seneti liliupa jina jipya la Octavian, yaani Augustus, na katika sababu zilizoandikwa mojawapo ilikuwa kwamba Misri ilitiwa mikononi mwa Roma katika mwezi huo. Nasi mpaka leo tunasema Agosti.

#18 Dada wa Kibaraza

Sikulijua hilo la Agosti, na limeniuma. Hata kalenda ya mshindi tunaikariri.

Mwalimu, pamoja na hayo, manowari zile zilisaliti kwa sababu ya Actium. Vikosi vinne vya Antony huko Cyrene vilihamia kwa Octavian kwa sababu ya Actium, na wafalme wa mashariki waliomwapia utii, Herode akiwamo, walibadilisha upande kwa sababu hiyohiyo. Duara la Popillius halikumwua Kaisarion.

#19 Kalamu Nyekundu

Nimejifunza mengi na nawashukuru nyote. Ninaloona halijasemwa ni habari za watu wasiokuwa na tanga wala taji. Je, Wagiriki wa kawaida, waliokuwa wakilishwa vita vya watu wengine katika ardhi yao, waliipokeaje habari ya Actium?

#20 Binti wa Mwalo

Kalamu, kuna ushuhuda mmoja, na ndio ninaoupenda kuliko yote yaliyotajwa humu. Plutarch alikuwa mwenyeji wa Chaeronea, mji mdogo wa bara, na anasimulia aliyoyasema Nicarchus, baba wa babu yake. Raia wote wa mji ule walilazimishwa kubeba mabegani kipimo cha ngano walichopangiwa na kuteremka nacho mpaka baharini, Anticyra, kwa ajili ya jeshi la Antony, huku wakiharakishwa kwa mijeledi. Walikuwa wamekwisha kupeleka mzigo wa kwanza. Wa pili ulikuwa umepimwa, nao wako tayari kuuinua, ndipo habari ilipofika kwamba Antony ameshindwa. Mawakala wake na askari wakakimbia palepale. Watu wakaitua ile ngano wakagawana.